Chupa Isiyo na Mkaa

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu anatetea tasnifu yake Jumatatu ijayo. Uhandisi wa kemikali, miaka mitano, jambo moja: mkaa wa magunzi ya mahindi unaonasa madini ya risasi kwenye maji. Ndani ya chupa zake za kioo, risasi karibu yote hutoweka. Kwa hesabu hizo kitatengenezwa kichujio cha shule iliyo jirani na kiwanda cha betri.

Mama mkwe kapiga simu — joho litakuwa rangi gani? Anataka gauni la kufanana nalo. Bluu, nikamwambia, ila asubiri kwanza. Kasema sisi waandishi wa habari tunatilia shaka hata harusi zetu.

Jumatano, 6 Machi

Mazoezi mezani. Mimi mtahini. Kemia siijui, nikauliza la kazini kwangu: mkaa unatuhumiwa kuondoa risasi — eneo la tukio kulikuwa na nani mwingine?

Kacheka. "Chupa tu, bwana!"

Kisha akavuta daftari lake la maabara. Chai yake ikapoa.

Alhamisi, 7 Machi

Kajaza maji yenye risasi kwenye chupa zisizo na mkaa, akazitikisa kama zile nyingine. Theluthi ya risasi imepotea! Imegandamana na kioo. Kanieleza akiwa amesimama, mkoba begani. Mkaa unafanya kazi, lakini si kwa kiwango alichoandika. Kipimo hiki kilipaswa kuwa cha kwanza. Hakukifanya.

Mwenzake wa maabara kamshauri anyamaze: wale watahini hawajashika chupa miaka mingi, watajulia wapi?

Jumamosi, 9 Machi

Nimemuuliza ataamua nini. "Leo usinifanye chanzo chako cha habari."

Sawa. Nimeosha vyombo.

Mama mkwe kapiga tena. Kitambaa kimeshakatwa.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la korido. Msimamizi wake — wanafunzi humwita Mzee Nukta, kwa vile hakuna nukta inayompita — kanipa mkono. "Shemeji, leo ni sherehe tu."

Mke wangu: "Mwalimu, kabla hatujaingia, kuna kitu…"

"Utakisema humo humo, binti. Wageni wanasubiri."

Wameingia. Mlango una kidirisha. Sauti haitoki. Kompyuta hajaiwasha. Kafungua mkoba, katoa chupa ya kioo, kaiweka mbele ya watahini. Mmoja kainuka kuitazama. Mzee Nukta kavua miwani — bado hajaivaa tena.

Mke wangu anaongea.

Mama mkwe, bluu tupu tangu kilemba hadi viatu, kanisogelea kuchungulia. "Ndio ugunduzi wenyewe huo, baba?"

"Ndio, mama."

"Mbona haina kitu?"