Mgomo Mezani pa Bibi

Wajukuu wenzangu, wapiganaji wa chungu kimoja,

Hapa Andong, Korea, theluji imeyeyuka. Paka wa Bibi angali akilala juu ya viatu vyake, ambavyo havivai tena. Daktari amesema misuli ya miguu imesinyaa, kwani mwili wa mzee hudai samaki, nyama na mayai, naye kwa miaka mingi amekula wali na kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa, huku minofu akitutilia sisi bakulini. Kwamba atasimama tena, daktari hakuahidi.

Jana niliweka kijiko chini.

"Usipokula samaki, Bibi, nami sili."

"Wanigomea nyumbani mwangu, we mtoto?"

"Nimegoma."

"Mifupa mikongwe hii ilishwe iende vita gani?"

Alikula kipande kimoja akicheka, kisha akaomba nimbebe akalale. Yeye aliyetubeba sote mgongoni sasa ni mwepesi kuliko mkoba wangu wa vitabu.

Ndugu zangu, machozi hayajengi misuli! Kikao kijacho ni mkesha wa Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi, saa kumi na mbili jioni, mezani pake. Asiguse mtu samaki kabla yake. Njooni mkiwa na njaa.

Wenu katika mgomo,
Gyeong-tae