Tumbo la Kuigiza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo umepunguza makali. Sisi huku hatujambo. Mama mdogo anakusalimu, anasema ukizidi kunyamaza atakufuata huko huko.

Mama, nimeona jambo. Mama mdogo na wenzake chuoni, daktari, mfamasia na mwalimu wa maigizo, wametunga mtihani wa pamoja. Hakuna karatasi. Kuna kitanda na mgonjwa wa kuigiza, kisha wanaingia wanafunzi watatu: wa udaktari, wa uuguzi na wa dawa. Hapimwi mtu peke yake, wanapimwa wanavyosikilizana. Alikosekana mgonjwa wa rika langu, mama mdogo akanisukuma mimi, Kimya wako. Mwalimu wa maigizo alinifundisha kuumwa tumbo, akasema kwa kugumia nina kipaji cha kuzaliwa.

Basi nikalala. Wa udaktari aliingia kifua mbele, maswali kama mvua. Wa dawa akamwambia amwache mgonjwa ameze mate kwanza. Nikataka kucheka, kumbe wa uuguzi kanishika mkono, anasikiliza mapigo, anayahesabu upya. Akamwomba yule mwenye maringo naye ashike. Akashika, akasikiliza kifua, maringo yakamtoka. Wa dawa akauliza natumia dawa gani. Hawakugombea jibu, walipeana taratibu, kama watu wanaopokezana mtoto mchanga. Watu wazima watatu, kimya, wananisikiliza mimi.

Wa uuguzi akainama, vidole bado kwenye mapigo yangu. "Mdogo wangu, na hili ni la kuigiza?"

Tulikatazwa kabisa kuacha uigizaji. Nikasema, "Hapana, dada. Hili ni langu."

Tumbo langu hakuna aliyelitibu, na wasahihishaji bado wanabishana wawape wale watatu alama gani.

Ukweli ni huu: tangu uondoke, moyo wangu hunienda mbio, na nikipanda ngazi za shule naona giza. Nilificha nikihofia utaacha kazi kwa ajili yangu. Daktari anasema ugonjwa huu wa moyo unatibika, ila kuna kipimo kikubwa, na mzazi anatakiwa. Mama mdogo amesema atasimama yeye, usisumbuliwe. Nilimkatalia, mama, mbele za watu. Nilisema namtaka mama yangu.

Wasalimie unaofanya nao kazi, uwaombe ruhusa.

Mwanao akupendaye,
Kimya