Tisini na Saba Kutoa Namba

Jumatatu, 4 Agosti
Ngano namba 31 imepotea. Ijumaa saa nne asubuhi, nikiwa likizo ya siku moja. Kilo mbili na robo, zote tanurini. Haikubaki punje! Mkuu wa maabara anasema alama za vinasaba zimeonyesha 31 na 12 ni kitu kimoja, na chumba cha baridi cha kuhifadhi mbegu kimejaa. Nikamwambia 31 ina ndevu, 12 ni kipara. Akacheka. "Dada Kibarua, vinasaba havisomwi kwa macho." Miaka minane ya kupalilia, kumi na moja ya maabara — bado Kibarua.
Ijumaa hii, saa ile ile, zinachomwa nyingine sita, nazo eti zimejirudia.

Jumanne, 5 Agosti
Shangazi kapiga simu. 31 ilitoka kwake. Ngano yake yote shambani imeliwa na ugonjwa wa kutu, anaomba mbegu, hata kikombe. Nimesingizia mtandao unakatika. Nikakata.

Jumatano, 6 Agosti
Nimechungulia majibu ya vinasaba. Sahani ya vipimo ina matundu 96: aina 95 za ngano, na tundu la mwisho maji matupu, kuhakiki usafi. Sasa tundu 96 limetoa vinasaba safi kabisa. Maji yameota ngano! Na tundu 1 halina kitu. Mkuu kaandika pembeni: "Namba 1 imeharibika."
Haijaharibika. Sahani iliingia mashineni nyuma mbele. Hizi mpya hazina pembe iliyokatwa, ukizubaa tu umeigeuza. Kila namba ni 97 kutoa namba. Mapacha wa kweli ni 66 na 85. Ya shangazi ilikuwa peke yake duniani.
Nikafungua kitabu cha mashine, anaposaini aliyeweka sahani. 17 Julai. Sahihi — yangu.

Alhamisi, 7 Agosti
Sikulala. Nakumbuka nilisaini asubuhi, kabla ya kazi, kama kawaida. Mchana Mkuu akasema, nenda ukale, naiweka mwenyewe. Au ilikuwa siku nyingine? Mtunza ghala alikuwepo siku hiyo, nikamwuliza. "Mimi sijaona kitu, dada yangu. Nina watoto wanne na macho mabovu."
Nikamwonyesha Mkuu hesabu. Akafungua kitabu cha mashine, 17 Julai. Kisha: "Sahihi ni ya nani?"
Nikishikilia kuwa sahani iligeuzwa, nafukuzwa mimi. Nikinyamaza, sita zinaungua.

Ijumaa, 8 Agosti, saa tatu na nusu
Nimekaa chini, mgongo mlangoni pa chumba cha baridi. Ufunguo umo kiatuni. Naandika hapa hapa, daftari magotini.
Mtunza ghala kaja na toroli. "Dada, fungua basi, tanuri limeshawaka." Mkuu yuko nyuma yake, simu mkononi, anasema ataita walinzi.
Nimemwuliza kwa sauti, ukumbi mzima umesikia: Mkuu, tarehe 17 Julai, sahani uliiweka wewe au mimi? Sitaki hotuba. Nataka jina moja, kabla ya saa nne kasoro tano.
Anaangalia saa yake.