Tangi Halitoki Sebuleni

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
11 Agosti 2024

Mdogo wangu mpendwa Ismail,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta umekaa mahali penye ubaridi, maana tunasikia joto la Maskati mwaka huu halina huruma. Isije ikawa fundi wa viyoyozi anatengeneza vya watu halafu yeye mwenyewe analala anatoka jasho. Kile kifua kimepona? Na unakula chakula cha maana, au bado ni mikate na chai?

Sisi huku tu wazima. Shangazi Sitara magoti yanamsumbua akipanda ngazi, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Duka la mapazia linaenda vizuri. Baba nitamfikia, kwani hasa ni yeye aliyenikalisha kuandika.

Nimeandika kwa mkono, na barua nampa Zamda wa ghorofa ya pili anayekuja huko kwa binti yake, kwa sababu kwenye simu unanikatisha. Kila nikifungua kinywa unasema, "Dada, achana nalo." Karatasi huwezi kuikatisha. Kaa usome mpaka mwisho.

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti, ule wa kusema nimwache Kaka Fikirini alichukue tangi lako la samaki, alipeleke Upanga kwa bosi wake, ili mimi nipumzike. Jibu langu ni hapana. Tangi hilo likitoka, Baba atabaki anatazama ukuta, na mimi sikubali Baba atazame ukuta.

Ulipolifunga pale sebuleni ulinielekeza mambo mengi kwa siku moja, nami nikaitikia yote kama mwanafunzi mzuri. Kumbe nililoshika ni moja tu, kwamba samaki wa baharini hawapendi fujo. Basi sikugusa kitu. Maji yalishuka kwenye lile boksi la chini, yakapita kwenye ile pamba nyeupe na sponji, yakarudi juu, nami nikaona mambo yanaenda. Pamba ikawa ya kahawia, nikafurahi kwamba inafanya kazi. Sikujua kwamba uchafu ulionaswa pale bado uko ndani ya maji yale yale, unaoza taratibu, na samaki wanauvuta. Ni sawa na mtu kufagia takataka akazisukumia chini ya kitanda chake, halafu akajisifu kwamba chumba ni kisafi.

Ulinifokea na nikasikia. Tangu hapo pamba naitupa kabla haijachafuka sana, na zile sponji zako mbili nazitumia kwa zamu, moja ikiwa kazini nyingine imeshafuliwa inakauka. Huko kwenye kukauka ndiko tulikopata balaa.

Shangazi unamjua. Kwake yeye nguo iliyofuliwa kwa maji matupu bado haijafuliwa. Nilianika sponji kwenye kamba ya roshani pamoja na foronya za Baba, nikashuka dukani. Shangazi alipoanua akakuta kitu cha nyumbani kwetu kinanuka bahari, akaona haya kwa niaba yangu. Akakitandaza juu ya tenga pamoja na foronya, akaweka chetezo chini, akafukiza udi wa kutosha, na mwisho akanyunyizia marashi. Nilirudi jioni nikakuta nyumba yote inanukia kama tunamwoza bibi harusi, pua yangu haikuweza kutenganisha kitu na kitu. Nikaichukua sponji nikaipachika mahali pake.

Asubuhi juu ya maji palikuwa na utando wa mafuta, na samaki wote wako juu wanahema. Yule wa buluu uliyempenda alikuwa amelala kwenye mchanga na hakuamka tena. Samahani mdogo wangu. Najua ulivyohangaika kumpata.

Nilimpigia simu Goodluck, yule Mchaga mwenye bajaji anayeegesha pale kona, akaniletea madumu ya maji ya bahari kutoka Kigamboni, upande ule ule uliokuwa ukichota wewe. Alipopandisha dumu la mwisho akaniuliza, "Dada, si uhamie tu Kigamboni, uache kuihamisha bahari?" Nilikuwa nimeinama nanasa mafuta kwa karatasi za jikoni, nalaza moja juu ya maji, naitoa, nalaza nyingine. Shangazi alikaa kwenye ngazi analia, anasema alitaka tu vinukie. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa.

Waliobaki walipona, na Mwenyekiti ni mmoja wao. Huyo ni yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Baba ndiye aliyempa jina, kwa kuwa hatoki kwenye kona yake na kila anayepita lazima amfokee.

Habari zikamfikia Kaka Fikirini ofisini kwake, Posta. Akaja na tai yake na sababu zake, na sitamsingizia, nyingine ni za kweli. Sakafu inalowa na Baba anaweza kuteleza. Umeme unaliwa. Mtu mgonjwa hahitaji kuona samaki wanakufa mbele yake. Akasema, "Nasma, hapa ni nyumba ya mgonjwa, sio ufukweni. Jumapili nakuja kulichukua." Nawe ukamuunga mkono kutoka Maskati. Wanaume wawili mmeamua juu ya sebule ambayo hamlali humo.

Lakini Kaka huja mara moja kwa wiki, wewe uko ng'ambo, mimi ndiye ninayemwona Baba kila siku. Tangu alipopata kiharusi, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Mkono uliokata suti za nusu ya mtaa huu, Ismail. Hospitali walimpa mpira mdogo wa kuminya, akautazama, akauacha ukabingirika mpaka chini ya kochi. Nimeuokota nimechoka. Mzee aliyefundisha mafundi cherehani hawezi kupewa mpira kama mtoto, na mimi namwelewa.

Baada ya mkasa wa udi niliapa kwamba sponji haitafuliwa tena mbali na macho yangu. Nikaileta kazi yote sebuleni. Nateka maji ya tangi yale ya kubadilisha, naweka kwenye beseni, nakaa kwenye kigoda karibu na kiti cha Baba, naminya sponji humo humo kwenye maji ya chumvi. Sabuni hapana, maji ya bomba hapana, na Shangazi namtuma akapike. Siku moja nilikuwa na haraka ya kufungua duka, nikawa naisokota kama tambara la deki. Baba akanguruma. Nikageuka. Akasema, "Sivyo." Unajua siku hizi neno moja linavyomgharimu. Akanyoosha mkono wa kushoto, akanionyesha: unaishika katikati, unaibonyeza, unaiachia inywe maji, unabonyeza tena. Fundi ni fundi.

Niliusogeza mkono wake wa kulia ndani ya beseni na kuiweka sponji kiganjani. Vidole vikatulia, vikatulia, halafu vikajikunja kidogo, na ukatoka uchafu wa rangi ya chai. Baba aliuangalia ule uchafu kwa muda. Kisha akajaribu tena. Nilichelewa kufungua duka na sijali.

Basi Jumapili Kaka akafika na vijana wawili wa mkokoteni, wana kamba mabegani. Alimkuta Baba ameshakunjwa mkono wa kanzu, mkono wa kulia umo ndani ya beseni, yuko kazini. Kaka akasema, "Shikamoo, Baba." Baba hakuitika. Aliinyanyua sponji polepole, ikitetemeka, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akampa Kaka kwa mkono ule ule wa kulia. Akasema, "Bado."

Kaka alisimama ameishika kwa ncha za vidole, maji yanamdondokea kwenye viatu. Akanitazama, nami nikatazama dirishani. Mwisho akavuta kigoda, akakunja mikono ya shati lake jeupe, akaanza kufua. Vijana wa watu wamesimama tu na kamba zao. Alipomaliza akaitoa, Baba akaikagua pande zote, akaiminya mara moja kuhakikisha, akaiweka mapajani. Ndipo akasema, "Marahaba."

Vijana waliteremka na kamba zao. Kaka anasema tangi linabaki kwa sasa, nami nimeliacha hilo neno lake lipite. Jana ameleta zulia la mpira la kuzuia kuteleza, akalitandika mwenyewe.

Kwa hiyo usiniambie tena nipumzike. Sitapumzika, na tangi halitoki. Najua ukija likizo utavua viatu na kukimbilia lile boksi la chini, kuona kama sponji zako ziko salama. Waangalie samaki wako, msalimie Mwenyekiti, lakini beseni usiliguse. Kazi hiyo sasa ina mwenyewe.

Shangazi Sitara anakusalimu, ameniapia kwamba udi wake unaishia kwenye nguo. Kaka Fikirini na wanawe wanakusalimu, Goodluck pia. Nisalimie Binamu Kasmir na mkewe. Mwenyezi Mungu akulinde, akupe riziki ya halali, na akurudishe utukute tumetimia. Baba hakutuma maneno, ila hilo doa la maji hapo chini ni la kidole chake. Nimemwomba aweke, akaweka.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Nasma