Kuhusu Ile Sakafu ya Mwabungo

Munje,
S.L.P. Msambweni.
15 Novemba 1998.

Mpendwa Dada Rispah,

Shikamoo dada yangu. Hujambo wewe, na mtoto hajambo? Shemeji Cornelius anaendeleaje na mgongo wake? Huku Mungu ametuhifadhi. Mama ni mzima, ila goti linamsumbua akipandisha kutoka kisimani. Mvua za vuli zimegusa Kinango na ameshapanda kunde.

Tumesikia mtoto mmempa jina la Mama. Dada, umemfurahisha mno. Mgeni yeyote akifika nyumbani huambiwa habari hiyo hata kabla hajaketi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mama ameniambia kwamba ulipopiga simu pale dukani kwa Thoya, ulimwuliza kama ni kweli nimeharibu nyumba ya mjane kisha nikatoroka. Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu mambo haya yanamhusu Timothy, na wewe ndiye uliyembeba mgongoni tangu shangazi alipotuachia mwanawe akiwa mchanga. Nilisema moyoni, nisimchafue kwa dada. Lakini ikiwa habari zimefika mpaka Kitale zikiwa zimegeuzwa hivyo, basi acha nikueleze zilivyokuwa.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba nimepata chumba cha kufanyia gereji Mwabungo. Mwenyewe ni Mama Veronicah, mama wa kutoka bara, mpishi katika hoteli moja ya Galu. Marehemu mumewe alikuwa mwashi. Alikijenga chumba kile kwa ajili ya basi dogo alilotaka kununua la kubebea watalii. Sakafu aliimwaga na kuisugua kwa mikono yake mwenyewe, saruji nyekundu, laini kiasi kwamba ukimwaga maji yanakwenda yenyewe mpaka mlangoni. Basi lenyewe hakuliona. Aliugua akafariki. Watalii walipopungua na kazi hotelini ikawa ya kubahatisha, mjane akaamua kukikodisha.

Siku ya kunipa ufunguo alivua viatu kabla ya kuingia, nami nikavua. Akaniambia, "Mwanangu, kuta ukizichafua nitapaka chokaa. Hii sakafu ndiyo kazi yake ya mwisho. Nitunzie."

Nilimwahidi, na dada, niliitunza. Kabla sijaingiza gari hata moja nilikwenda kwa maseremala wa Ukunda nikaomba mbao walizozitupa na magunia ya maranda. Jeki haikugusa saruji, ilikaa juu ya ubao mnene, na stendi vilevile. Chini ya injini niliweka karai, na kulizunguka karai nikamwaga maranda ya kunyonya oili. Mafuta ya breki ndiyo niliyoyaogopa zaidi, maana yanakula rangi, kwa hiyo kazi zote za breki nilizifanyia nje juani. Kuchomelea pia nje. Jioni nilizoa yale maranda nikapiga deki kwa sabuni. Wateja walinicheka. Mmoja aliniuliza kama na gari lake linapaswa kuvua matairi mlangoni.

Mama Veronicah alikuwa akipita siku za Jumapili akitoka kanisani. Anachungulia, anaondoka akitabasamu. Mara nyingine aliniletea chapati zimefungwa kitambaani. Nilikuwa nimepata mama wa pili huku pwani, ndivyo nilivyojiona.

Timothy alipoachishwa kazi ya kuosha magari hotelini, nilimchukua. Sikumchukua kama kibarua, nilimwambia gereji hii ni yetu. Nilimfundisha kufungua injini na kuifunga. Na mambo ya sakafu nilimweleza yote, akayajua kama mimi. Alijua kwamba lori haliingii mle ndani hata mwenye lori akipiga magoti, kwa kuwa saruji ile ni nyembamba na chini yake ni mchanga mtupu.

Kisha ukatufika ule msiba wa baba mdogo Kenga, ambao wewe hukuweza kuja kwa kuwa ulikuwa unakaribia kujifungua. Timothy mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Nenda ukamzike, kaka. Mmoja wetu akienda inatosha, mimi nitaangalia wateja." Nikamwachia ufunguo, nikaenda.

Niliporudi baada ya matanga nilikuta chumba kisafi. Mbao zimepangwa katikati, maranda mapya juu yake. Nilimshukuru. Nilimshika bega nikamwambia, "Umefanya kazi, ndugu yangu." Naye akaitikia, "Ahsante, kaka."

Kesho yake asubuhi alichelewa. Nikamwona anakuja, Mama Veronicah ametangulia. Mama hakunisalimu. Timothy akapita mbele yangu, akainama, akaanza kuondoa ubao mmoja mmoja.

Chini yake kulikuwa na shimo lenye upana wa beseni. Sakafu imevunjika na kuzama, nyufa zimekwenda mpaka ukutani. Doa jeusi la oili limeenea, na pale lilipooshwa kwa petroli wekundu wote umetoka, pamebaki kijivu kama majivu.

"Ndiyo hii, mama," Timothy akasema. "Aliivunja kabla ya kwenda msibani. Akaniambia nifunike, nisikwambie."

Nilimtazama, nikidhani atacheka. Hakunitazama.

Nikasema, "Mama, mimi nimefika jana tu."

"Na jana hukuziona hizi mbao?"

"Niliziona."

"Hukuinua hata moja?"

"Sikuwa na sababu ya kuinua, mama. Mbao ziko hapo siku zote."

Akatikisa kichwa polepole. "Kumbe siku zote zilikuwa za kufichia." Kisha akanyoosha mkono nimpe ufunguo.

Dada, neno hilo ndilo lililoniua. Kitu nilichokifanya kwa kumheshimu yule marehemu, ambaye hata sikumjua, ndicho kilichogeuzwa ushahidi wa uongo wangu. Na aliyekigeuza ni mtu aliyejua kila ubao uliwekwa kwa nini, kwa sababu alinisaidia kuupanga. Nilikusanya spana zangu nikaondoka. Timothy akabaki, ati ataitengeneza. Wateja wakaambiwa nimekimbia, na nadhani ndivyo habari zilivyokufikia wewe.

Nikaja huku Munje kwa Seth, rafiki yangu anayetengeneza baiskeli. Amenipa nafasi pembeni ya kibanda chake, nafanyia kazi juu ya mchanga.

Siku moja akasimama hapa dereva mmoja wa lori, jina lake Baya, rejeta inavuja. Tulikuwa hatujuani, lakini aliposikia nimetoka Mwabungo akaniuliza, "Wewe ndiye kaka wa Timothy? Poleni na ile sakafu. Nilimwambia nimebeba mawe ya kujengea, tuyashushe kwanza. Akasema haidhuru. Hata ubao chini ya jeki hakuweka, ati tunachelewa. Jeki ikazama mbele ya macho yangu, na giaboksi ikamwaga oili yote."

Nilimwuliza kama anaweza kumwambia mwenye nyumba maneno hayo. Akasema, "Hata sasa hivi." Alikuwa hajui kwamba kuna mtu aliyesingiziwa. Tuliifunga rejeta tukaenda.

Baya akaeleza mbele ya wote wawili, Mama Veronicah na Timothy. Mama akamgeukia Timothy, akamwuliza neno moja tu, "Kweli?" Timothy hakumjibu yeye. Alinijibu mimi.

"Wewe ungesamehewa, kaka. Una mama, una dada, una ufundi mikononi. Mimi ningefukuzwa na nyinyi nyote."

Dada, tangu lini tulimfukuza? Mkeka tulilalia mmoja. Mama alipokuwa na yai moja alimpa yeye, akatuambia sisi ni wakubwa. Lori ningelisamehe, wallahi ningelisamehe siku ileile, na shimo tungelifukia pamoja. Kumbe miaka yote hiyo tuliyomwita ndugu, yeye alikuwa anajihesabu mgeni, anangoja siku ya kutolewa nje.

Mama Veronicah alilia. Aliniambia, "Nilikuhukumu, mwanangu, na nilikuwa nimekuona kwa macho yangu ukipiga deki." Akaninyooshea ufunguo. Nilimshika mkono, lakini ufunguo sikuupokea. Timothy alikuwa amelijaza lile shimo saruji ya kijivu, imetuna kama kidonda kilichopona vibaya, na nilijua kila nitakapoingia mle nitalitazama hilo tu. Mama Veronicah amekifunga chumba. Timothy akatoka bila kuambiwa.

Jumapili iliyopita alikuja hapa Munje na begi lake. Amekonda. Nilimpa kigoda na maji, akanywa. Kisha akatazama gari lililokuwa mbele yangu, akakunja mikono ya shati, akaniuliza, "Nianzie wapi, kaka?"

Nilitaka kumwambia aanze na tairi la nyuma. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Nikasikia nimesema, "Maliza maji, kisha uende."

Akamaliza. Akaweka kikombe chini taratibu, akachukua begi, akaenda zake. Seth aliniuliza nani yule. Nikamwambia ni mteja.

Najua utaniandikia nimwite arudi. Nakuomba, dada, usinisihi kwa sasa, maana wewe sijawahi kukukatalia jambo. Akikupigia simu mpokee, naye ni wako. Mwambie tu kwamba nimekueleza mwenyewe, asijichoshe kuieleza habari hii upya. Mama yetu hajui habari ya begi, na ningependa asijue.

Nisalimie sana shemeji Cornelius, apunguze kubeba magunia. Mbusu mtoto kwa niaba ya mjomba wake. Mama anakusalimu, Seth naye anakusalimu ingawa hamjaonana, na kina Thoya wote wanauliza mtakuja lini. Mungu awalinde huko kwenye baridi, awape afya na watu wa kweli wa kuishi nao.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Garama.