Kila Tumbo na Kambale Wake

Jumamosi jioni, Bwera. Mvua haijakata tangu tulipoingia, ile mvua ya Rwenzori isiyo na adabu, na jicho langu la kushoto limefunga duka. Naandika kwa jicho moja na kidole kimoja. Simu nayo ina ufa, lakini ufa wa simu ni wa zamani. Ufa wa mdomo ni wa leo.

Nimepigwa.

Nalisema mapema, msije mkalisikia kwa wengine likiwa limeongezwa chumvi. Mimi Kambale, kinyozi niliyenyoa vichwa Goma, Kampala na Nairobi, mtu aliyefika hadi Mombasa juu ya lori la kahawa na kuosha miguu ndani ya bahari yenyewe, leo nimepigwa kasia la mgongo na watu niliokula nao samaki asubuhi.

Shule niliiachia darasa la sita, lakini kupanga habari najua. Nianze pale inapoanzia.

Inaanzia kwenye viatu vya Masika.

Masika ni mdogo wangu. Tangu tuvuke mpaka tunakaa chumba kimoja hapa Bwera, upande wa Uganda, na chumba si kibaya, mabati hayavuji sana. Ubaya ni milima. Siku nyingine upande wa Kongo unanguruma, na si radi. Basi Masika analala amevaa viatu, kamba zimefungwa. Wengine huvaa soksi kwa ajili ya baridi. Yeye anavaa viatu kwa ajili ya mbio.

Aliniomba kitu kimoja tu. "Yaya," alisema, na kwa kwetu yaya ni kaka mkubwa, nyinyi wa Nairobi acheni kucheka, "yaya, utafute fasi iko na mayi mbele. Milima ikuwe mbali."

Nikaapa nitampatia mahali penye maji. Mtu aliyeona bahari atashindwaje kumpatia dada yake ufukwe?

Mombasa niliifuta mapema. Nilipokuwa kule niliuliza bei ya chumba, nikajikuta namshukuru mwenye nyumba kwa kuniruhusu nisimame mlangoni. Juzi nikaenda Katwe. Watu wazuri, vyumba rahisi, lakini ziwa lile ni la chumvi na linanuka kama yai lililosahaulika. Watu wanasimama ndani yake wakivunja chumvi, na miguu yao ina vidonda visivyotaka kufunga. Masika akiona kidonda hali siku nzima. Nikasema hapana.

Ndipo nikasikia habari za mwalo mmoja wa wavuvi upande wa Ziwa Edward. Jina siandiki, kwa sababu nitakayoyasema ni mabaya na watu wake bado ninawahitaji. Leo asubuhi nikapanda boda, mashine yangu ya kunyolea ndani ya begi, nikaenda.

Jamani, pale ni pazuri! Maji mpaka macho yanachoka. Viboko wamelala pembeni kama wenye hisa. Mjane mmoja anaitwa Mama Mbambu, anakaanga ngege kando ya njia, ana chumba nyuma ya jiko lake, na dirisha la chumba linatazama ziwa. Milima iko nyuma, mbali, bluu, haisikiki. Bei tulielewana kabla samaki hajageuzwa kwenye mafuta. Na hakuna kinyozi! Nilivitazama vichwa vya wavuvi wale nikaona riziki yangu imesimama mstari mzima. Kulikuwa na mmoja mrefu, kichwa chake kimenyolewa kama shamba lililoingiliwa na mbuzi. Nilimwambia hivyo. Alicheka, akanisogezea pilipili.

Mkumbukeni huyo mrefu.

Sasa, kwa msomaji wa mbali, kuna jambo la kwetu lazima ulijue. Kwa watu wetu, pande zote mbili za mpaka, jina la kuzaliwa halichaguliwi. Mvulana wa kwanza wa mama ni Paluku, wa pili ni Kambale. Hapa Uganda wanasema Baluku na Bwambale, ni yale yale. Simama soko la Mpondwe uite Kambale, nusu ya soko itageuka. Paluku wa nyumba yetu ndiye aliyenifundisha mzaha wote ninaoujua. Mimi ni wa pili, nilikuja kurudia vichekesho vyake.

Nilikuwa nalamba vidole wanaume watatu walipokuja wakitembea haraka. Wa mbele akauliza, "Nani hapa ni Kambale ya Kongo?"

Na mimi, kichwa maji, nikadhani sifa zangu zimefika kabla yangu. Nikasimama. Nikapiga kifua, naapa nilipiga kifua.

"Ni mimi! Kambale mwenyewe! Kongo muzima banajua mukono yangu!"

Kofi la kwanza lilinitoa mate. La pili sikuliona. Nikasikia, "Mashini iko wapi? Mwizi wewe! Mashini iko wapi?" Nikadhani wanataka mashine ya kunyolea, nikawaonyesha begi, wakanipiga zaidi wakidhani nawatania. Kumbe usiku mtu aling'oa injini ya mtumbwi, akajaribu kuiuza mwalo wa jirani, na wa kule walisema muuzaji ni Mkongomani, anaitwa Kambale.

Watu wanatokea wapi haraka vile? Walikuwa watatu, mara nikaona miguu tu. Miguu ya gambuti, miguu mitupu, mguu mmoja wa kandambili ya pinki. Nililala juu ya mashine yangu nikaikumbatia kama mtoto. Kasia likanishukia mgongoni. Nilimwona aliyelishika. Yule mrefu. Alikuwa bado na mafuta ya samaki mdomoni.

Hapa ndipo niseme ukweli, maana humu ninamowaandikia sisemi uongo ila wa kupendeza. Tangu tuko wadogo tumeogopa risasi. Lakini risasi inatoka mbali, haikujui. Kasia lilitoka kwa mtu aliyekwisha kunisogezea pilipili. Hilo ndilo lililoniumiza, mgongo ulifuata.

Mama Mbambu alikuwa anapiga kelele, "Huyu ni mugeni wangu! Amekuja leo!" Hakuna aliyesikia. Aliyeniokoa si yeye. Ni mtu aliyekuja mbio kutoka kwenye matete, akipaza sauti kwamba injini imeonekana, na mwizi amelala kando yake.

Waliniacha kama watu wanavyoacha bakuli tupu.

Nilimshukuru Mungu. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa. Wenzangu, nilisikia wakimpiga mtu mwingine nikasema asante Mungu, amepatikana. Niliokota begi. Boda wangu alikuwa amekwisha kuwasha, ananiita, "Panda, brada, panda twende!" Nikapanda.

Wakamburuta mpaka pale wazi, mbele ya mizani ya samaki. Kijana wa umri wangu, shati limekwisha, uso umekwisha. Mmoja akaja na tairi. Mwingine na jerikani. Na yule kijana akaanza kumwita mama yake kwa lugha yetu, si Kiswahili, lugha yetu ya jikoni, kwa sauti ya mtoto aliyeanguka mtini.

Sijui miguu ya nani ilishuka kwenye ile boda.

Nilipita katikati yao nikajitupa juu yake. Nikapaza sauti, "Huyu ni mudogo yangu! Tumbo moja! Mama mumoja! Mukimuchoma munichome na mimi!"

Hata aliyeshika kiberiti alisimama.

Chairman wa mwalo, mzee mfupi mwenye nywele masikioni, akasogea. "Ndugu yako?"

"Ndugu yangu, mukubwa. Tumbo moja."

"Anaitwa nani?"

"Kambale."

"Na wewe?"

"Kam..." nikasema, nikaziba mdomo kwa kiganja.

Mjinga gani wa kwetu anafanya kosa hilo? Mtu wa Kampala angeweza. Mzungu angeweza. Lakini mimi, niliyeitwa jina langu kabla sijafungua macho, nimelala mbele ya watu wanaojua hesabu ile tangu titi la mama zao, nikawaambia mama mmoja amezaa wa pili mara mbili. Yule mrefu ndiye aliyesema, kasia likiwa begani:

"Sasa mama yenu alihesabu namna gani? Wa kwanza, wa pili, wa pili?"

Mtu mmoja nyuma akakohoa kicheko.

Niliisikia ile sauti kama mtu anayezama anavyosikia kamba. Nikamfikiria Paluku. Paluku angejibu kabla swali halijaisha.

"Tumbo nililisema kwa woga, mukubwa," nikasema. "Baba ni mumoja, bibi wawili. Kila tumbo na Kambale wake! Baba akiita Kambale kwa kazi, hakuji mutu. Akiita Kambale kwa chakula, tunakuja wawili. Mwisho akaacha kuita kwa chakula. Ndiyo sababu huyu anaiba na mimi ninanyoa!"

Walicheka. Si wote, lakini mwenye kiberiti alicheka, na mtu akicheka mkono unalegea. Nikaendelea, damu inaingia mdomoni, nasema upuuzi wowote: kwamba hata mwizi wa familia yetu analala kando ya alichoiba kwa sababu tumezoea kusindikiza mizigo. Wakacheka tena. Katikati ya kicheko Mama Mbambu akaingia, mkono wa unga na mafuta, akamnyang'anya yule mtu jerikani.

"Petroli ni ya mashini," akasema. "Si ya watu. Mashini yako umepata? Umepata. Basi nenda vua."

Chairman alitutazama wawili chini pale, Kambale juu ya Kambale. Nina hakika hakuniamini hata neno moja. Akasema, "Huyu mwizi asikanyage hapa tena. Akikanyaga, sitauliza baba alioa bibi ngapi." Kisha akaninyooshea kidole. "Wewe ya mashini ya nywele, wewe unaweza kurudi."

Yule mrefu akashusha kasia. Alipiga teke tairi likabingirika mpaka majini.

Tulirudi watatu kwenye boda moja, dereva, mwizi katikati, mimi nyuma nimemshika asianguke, mvua ikitupiga usoni. Njiani nilimuuliza sikioni kama aliiba kweli. Akaitikia kwa kichwa: ndiyo. Nikamwambia asante kwa ukweli. Tulipofika Bwera na kumlaza kwenye mkeka nikampiga kofi moja, dogo, la kaka. Hilo alikuwa analistahili.

Masika hakuuliza ni nani. Alichemsha maji, akatia chumvi, akaanza kumwosha uso. Alikuwa anatazama vidonda moja kwa moja. Mimi niliyekataa Katwe kwa ajili ya vidonda nikabaki mlangoni kama mgeni.

Nikamwambia yote. Nilitaka kumwambia tutafute kwingine. Nikasema ule mwalo una maji, una dirisha, una mama mzuri, na watu wake waliniua nusu kabla ya saa sita mchana. Nikasema yule aliyenipiga kasia angekuwa jirani yetu, tungemwamkia kila siku. Nikasema, "Masika, pale pia kuna mbio."

Alikuwa anakamua kitambaa. Maji yakatoka mekundu.

"Balicheka kweli, yaya?"

"Balicheka."

"Hata ule wa kiberiti?"

"Huyo ndiye alianza vizuri."

Aliloweka kitambaa tena. Sisi wawili tulikuwa mahali pamoja, bila kutaja mahali. Siku ile wenye bunduki walipokuja kijijini kwetu, mimi na Masika tulikuwa ndani ya migomba, na Paluku alikuwa uani. Alisimama mbele yao mikono juu, akawatania. Tulimsikia. Alikuwa na mzaha mzuri siku ile, ule wa mbuzi na padri, mzuri kuliko wangu wa leo. Aliumaliza wote. Alisubiri wacheke.

"Tuende kule kwa mayi," Masika akasema. "Bale balikuya kwetu habakucheka."

Nikachukua yale maji mekundu nikayamwaga nje, mvuani.

Sasa anasinzia kandokando ya ukuta, na yule Kambale mwingine anakoroma kwa pua iliyovunjika. Atapata nauli ya kwenda kwa shangazi yake kule Kyarumba akiweza kusimama. Milima inanguruma kidogo. Masika bado ana viatu, lakini kamba amezilegeza, nimeona kwa jicho langu moja.

Kesho nampigia Mama Mbambu, asimpe mtu chumba. Na kiti changu cha kunyolea nitakiweka pale pale mbele ya mizani, kielekee maji. Najua atakayekuja kukikalia, maana kichwa kile hakiwezi kungoja. Yule mrefu. Nitamfunga kitambaa shingoni, nitamwinamisha, na wembe wangu utakuwa chini ya sikio lake, na yeye atajua na mimi nitajua.

Hapo ndipo nitamwambia ule wa mbuzi na padri. Wote, mpaka mwisho.

Na nitasubiri acheke.