Maman Kulthumu na video ya theluji

Arlette, uko wapi? Tumbo inaniuma juu ya kucheka na sina muntu wa kuambia.

Asubuyi hii Ramazani alitumia mama yake, Maman Kulthumu, video toka Canada. Kule ni usiku. Iko Ramazani na benzake mustari moja mu theluji, kila muntu na mufuko ku mugongo na tochi ku kichwa. Ku miguu bamefunga vitu vipana kama lungo ya kupepetea muchele. Hakuna mwenye anaongea.

Maman aliangalia mara moja tu. Akasema, "Bamekimbia."

Weye unajua hapa kwetu Baraka, bantu bakipita usiku vile na mizigo, ni vita. Hakuuliza kitu. Akaacha ndakala zake, bile bisamaki bidogo, ku jua, akatoka mu njia analia. Bamama ba kartie, majirani yetu, bakakuja na mikeka ya kukalia kilio. Mi pia nilikuja na mukeka, Arlette. Mukeka.

Ndiyo Ramazani akapiga simu, Maman akaweka sauti ya juu bote basikie. Eti ni matembezi. Eti vile vitu vya ku miguu vinakataza kuzama mu theluji.

"Nani anabafukuza?"

"Hakuna, mama. Ni ya kujifurahisha."

"Kujifurahisha. Usiku. Mu baridi."

"Ndiyo, mama."

Bamama bakaangaliana. Kisha tukaanguka kicheko, ata Maman. Kuku zilishamaliza ndakala.

Lakini mbele ya kukata simu Maman alimwambia polepole: "Siku ingine, papa, mutoto wangu, unitumie ile yenye munarudi nyumbani."